Punje Zisizochemka

Inspekta alipofika kiwandani asubuhi ile, mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana, ameshafungiwa, na ameshaanza kudai chai. Sauti yake ilitoka ndani ya stoo, nzito na yenye manung'uniko, na kila alipougonga mlango kwa ngumi, mapipa matupu yaliyokuwa nyuma yake yaliitikia kama kwaya.

"Kesi imekwisha, Inspekta," alisema mwenye kiwanda, akijifuta jasho kwa kitambaa kilichokuwa na mafuta mengi kuliko uso wenyewe. Mtaani walimwita Mapipa, na jina lilimfaa kwa kazi na kwa umbo. "Wewe mbebe tu. Nimeshakurahisishia."

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta.

Koplo, mtu mrefu mwenye nywele za mvi ambaye pingu zilimlia kiunoni kila alipotembea, alikuwa ameshazitoa. Alizirudisha mahali pake huku akishusha pumzi. Alishafanya kazi na Inspekta miaka mingi, na maneno hayo mawili yalikuwa yamemnyima wahalifu wengi aliokuwa na uhakika nao. Kituoni hata jina la bosi wake lilikuwa limesahaulika. Wote walimwita Ngojakwanza, isipokuwa alipokuwa anasikia.

"Kilichoibiwa ni nini?"

"Hakuna kilichoibiwa," alisema Mapipa. "Kuna kilichouawa."

Akainama, akanyanyua kutoka mezani kopo kubwa la bati lenye kifuniko cha kubana, akalipakata kifuani kwa mikono miwili.

"Marehemu huyu hapa."

Ndani ya kopo mlikuwa na punje nyeupe, kila moja sawa na punje ya harage. Koplo alizitazama, kisha akamtazama bosi wake kwa jicho la mtu aliyekwishaandika kichwa cha habari.

"Afande, unga mweupe."

"Si unga. Na usiulambe."

Koplo alirudisha kidole chake mfukoni.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la mabati, lenye mitungi, mabomba na harufu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi, samaki na maandazi ya mji mzima yaliishia pale. Yaliingia meusi kama lami, yakatoka yakiwa dizeli ya rangi ya asali, na njiani yalitoa harufu iliyomfanya kila aliyepita barabarani akumbuke kwamba hajala. Koplo alikuwa amekula kabla ya kutoka nyumbani, lakini tumbo lake halikutaka kuliamini hilo.

Aliyewaeleza habari za marehemu alikuwa Daktari. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mkemia, mdogo wake Mapipa wa tumbo moja, mwanamke mwembamba aliyeongea haraka, kana kwamba maneno yana bei na yeye anayauza kwa jumla.

"Mafuta peke yake si dizeli, Inspekta. Ni mazito, yataziba injini. Unayachanganya na methanoli, aina ya spiriti, halafu unahitaji kitu cha kuyachokoza yaachane. Kichocheo. Zamani tulitumia kostiki, magadi makali ya kupikia sabuni. Kostiki inayeyuka humo humo, huitoi tena. Inabidi uioshe dizeli kwa maji, tena na tena, na kila unapoosha unapata takataka ya sabuni. Nikasema hapana. Nitengeneze kichocheo kigumu, kisichoyeyuka. Hizi punje. Mafuta yanapita katikati yake kwenye bomba lile la kioo, yanatoka yakiwa dizeli, na punje zinabaki pale pale zikingoja mafuta mengine. Hakuna kuosha, hakuna sabuni."

"Zimetengenezwa kwa nini?"

Daktari alisita kidogo. "Maganda ya mayai."

Koplo alikohoa.

"Nayasaga, nayafinyanga punje, nayachoma kwenye tanuri mpaka yawe meupe kwa moto. Yakitoka humo ni chokaa kali, chokaa hai. Wiki nzima nimechoma. Leo mchana wanakuja watu wa hospitali kuona kama dizeli yetu inafaa kwa majenereta yao. Wakikubali, tumepona. Wakikataa, kaka yangu atauza mabati haya mpaka ya juu ya kichwa changu. Na asubuhi hii nimepitisha mafuta, yameingia mafuta, yametoka mafuta!"

"Punje zimekufa," alisema Mapipa. "Chokaa hii ikivuta hewa inakufa. Mtu ameacha kopo wazi makusudi. Na funguo za chumba hiki tunazo watu wawili. Mimi, na shemeji yangu aliyemo stoo, anayetumia ufunguo mmoja na mkewe, huyu Daktari."

"Funguo mbili tu?"

"Mbili," alisema Mapipa, akiangalia paa.

Inspekta naye aliangalia paa. Hakuona kitu cha kuangaliwa huko. Akaliweka jambo hilo pembeni kwa wakati wake.

"Shemeji yako ana ugomvi gani na chokaa?"

"Ana ugomvi na mimi. Ndiye anayezunguka na gari kukusanya mafuta, na kila siku anasema simsikilizi. Halafu mtazame mkono wake! Umefungwa bandeji. Chokaa hii inaunguza, Inspekta. Na chini ya kiti cha gari lake nimekuta kifurushi. Nimemwambia akifungue, ameingia nacho stoo na kukikalia."

Mambo matatu: ufunguo, bandeji na kifurushi. Koplo aliyahesabu kwa vidole na kuiona kesi imeiva. Lakini Inspekta alikuwa amechota punje kiganjani, anazigeuzageuza.

"Daktari, nitajuaje kwamba hii imekufa?"

"Iliyo hai ukiitia majini inachemka. Inatoa mvuke, unaweza kuungua." Alichukua glasi ya maji, akadondosha punje chache. Zilizama, zikakaa chini kimya kabisa. "Unaona? Hakuna kitu."

"Na iliyokufa kwa hewa inakuwaje? Nataka kujua maiti yake inavyofanana."

"Inavimba. Inalegea. Ukiishika inakuwa..." Daktari alizikodolea macho punje zilizokuwa kiganjani mwa Inspekta.

Inspekta aliweka punje moja sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino. Haikubomoka. Akaisimamia kwa uzito wake wote, naye hakuwa mtu mwepesi. Punje ikateleza chini ya kiatu, ikamtupa kwenye mikono ya Koplo.

Daktari alikuwa ameshapiga magoti. Aliiokota punje ile, akaipeleka dirishani, akaikwangua kwa ukucha. Halafu akakimbilia pembeni ya chumba, alikokuwa anaanika punje mbichi kwenye karai kabla ya kuzichoma. Karai lilikuwa tupu.

"Nilidhani kaka amezihamishia nje," alisema polepole, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Inspekta, hizi hazijafa. Hizi hazijazaliwa bado."

"Maana yake?"

"Hazijaona moto. Mtu amechukua zilizochomwa, akajaza kopo kwa hizi mbichi!" Na hapo hapo uso wake ukabadilika. "Kwa hiyo zinachomeka. Kama ziko salama, naweza kuzichoma leo! Tanuri linataka mchana wote, lakini..." Akalinyakua kopo kutoka kifuani mwa kaka yake, akatoka mbio kuelekea kona ya mbali ya uwanja, lilikokuwa tanuri.

Mapipa alibaki amekumbatia hewa.

"Wageni wanakuja saa sita," alisema.

"Wageni niachie mimi," alisema Inspekta. "Nifungulie stoo."

*

Shemeji alikuwa amekaa juu ya pipa, mtu wa makamo mwenye uso wa upole na bandeji kubwa kwenye mkono wa kulia. Kifurushi kilikuwa chini yake kweli, na alikikalia kama kuku aliye juu ya mayai.

"Chai imekuja?" aliuliza.

"Bado. Mkono umefanyaje?"

"Ajali ya kawaida."

"Ajali za kawaida zina majina. Maji ya moto? Mafuta? Chokaa?"

"Ya kawaida tu, Inspekta."

"Kifurushi kina nini?"

Shemeji alijikandamiza zaidi juu yake. Alitazama mlangoni, alikosimama Mapipa, na nyuma ya Mapipa, kule uwanjani, ilikosikika sauti ya mkewe ikiagiza kuni. 

"Andika kwamba nimekiri," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Nimeua kichocheo. Nipeleke ndani, lakini tuondoke sasa hivi."

Koplo alizitoa pingu kwa furaha ya mtu aliyelipwa malimbikizo.

"Ngoja kwanza. Umekiuaje?"

Shemeji alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Kwa kisu."

Koplo alizishusha pingu.

"Umezichoma kisu punje za chokaa?"

"Moja moja," alisema Shemeji, akijikaza.

Inspekta alivuta pipa jingine, akakaa mbele yake. "Bwana, nimekaa na wezi, matapeli na watu walioua watu. Wote walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona anatafuta njia ya kuingia. Nipe hicho kifurushi."

"Inspekta, nakuomba. Mke wangu asi..."

"Mke wako asi nini?" aliuliza Daktari. Alikuwa amekuja kutafuta koleo, na sasa alisimama mlangoni na masizi kwenye paji la uso.

Shemeji alifumba macho. Koplo alikivuta kifurushi, akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na koti jeupe la maabara, jipya, limekunjwa vizuri kabisa. Alilikunjua na kulinyanyua juu. Katikati ya mgongo palikuwa na tundu lenye umbo kamili la pasi, kingo zake zimeungua rangi ya kahawia.

"Koti langu la wageni," alisema Daktari. "Nimelitafuta nyumba nzima."

"Nilitaka uje mbele yao umependeza," alisema Shemeji, bado amefumba macho. "Nilikuwa nalinyoosha. Nikageuka kidogo kuzima redio. Niliporudi, moshi. Nikajaribu kuitoa pasi kwa mkono." Aliinua bandeji. "Nilikuwa nimepanga kununua jingine leo asubuhi, kaka yako akanifungia."

Daktari alilichukua koti. Akaligeuza, akalitazama tundu kwa umakini ule ule aliozitazama nao punje. Kisha akalivaa. Kwa mbele alikuwa msomi wa kupigiwa mfano. Kwa nyuma, upepo ulipita.

"Nitahakikisha siwapi mgongo," alisema. "Ulikubali kwenda jela ili usiniambie hili?"

"Jela kuna watu wa kuongea nao. Wewe ukikasirika huongei."

"Toka humo. Nina tanuri la kuchochea, na mkono mmoja unakutosha."

Alipopita mbele ya Mapipa, Shemeji alisimama. Mapipa alijikwangua shingo. "Shemeji, unajua hasira..."

"Najua," alisema Shemeji. "Kwenye mapipa yako kuna moja linavuja. Nimekuwa nakuambia tangu mwaka jana."

*

Kesi ya Koplo ilikuwa imebomoka, na Koplo hakulifurahia hilo. Walitoka wote wawili hadi kwenye bomba la maji nyuma ya banda, Inspekta akitaka kunawa mafuta yaliyomkamata kila alipogusa.

"Ni washindani, afande," alisema Koplo. "Mtu wa kiwanda kingine."

"Mshindani angechukua kopo zima akaondoka. Huyu amejaza tena. Hakutaka ionekane tupu. Huyu ni mtu ambaye angeulizwa." Inspekta alisugua mikono. Akasugua tena. "Sabuni hii ina nini?"

Ilikuwa kipande kipya cha mraba, kimekatwa vizuri, kigumu. Alikisugua mpaka viganja vikawaka. Hakikutoa hata tone la povu. Badala yake kiliacha ngozi nyeupe ya mafuta mikononi, na maji yakapita juu yake kama yanapita juu ya jani.

Koplo alikijaribu, akakirudisha mahali pake kwa chuki. "Hii si sabuni, hili ni jiwe lililochongwa."

"Sabuni hii imetoka wapi?" Inspekta alimwuliza Mapipa, aliyekuwa anawafuata kwa mbali.

"Ah, hiyo ni ya hapa hapa. Ya..." Mapipa aliangalia juu tena. Safari hii hapakuwa na paa, kwa hiyo aliangalia mawingu. "Ya nyumbani."

Inspekta hakumsumbua. Alirudi kwa Daktari, ambaye sasa alikuwa anachungulia tanuri kwa kitundu kidogo, moto ukimwangaza usoni na Shemeji akirusha kuni kwa mkono wa kushoto.

"Daktari, swali la shule. Ni kitu gani kinachoweza kuifanya sabuni isitoe povu?"

"Ukiipika vibaya?"

"Chukulia mpishi ni hodari."

"Basi amekosea cha kuweka. Sabuni inataka kostiki. Ukiweka kitu kingine, tuseme..." Mkono wake ukasimama angani. "Ukiweka chokaa, inashikana vizuri tu, inakauka, ukiitazama ni sabuni. Lakini haiyeyuki majini. Haitoi povu hata uisugue mpaka Krismasi."

Walitazamana. Kisha wote wawili, na Shemeji pia, wakageuka kumtazama Mapipa, aliyekuwa amesimama nyuma yao.

"Funguo ngapi?" aliuliza Inspekta.

Mapipa alishusha mabega. Ukuta wa nyuma wa kiwanda ulikuwa na kamlango kadogo ka mbao, na upande wa pili wa kamlango hako alikaa mama mzazi wa mke wake. Mke mwenyewe alikuwa safarini kikazi. "Tatu," alisema Mapipa. "Huwa anatuletea chai. Ufunguo nilimpa mwenyewe. Lakini Inspekta, ningewezaje? Nisimame mbele ya polisi, nitaje jina la mkwe wangu?"

"Ukaona heri kunitaja mimi," alisema Shemeji.

"Wewe ni shemeji! Shemeji unagombana naye leo, kesho mnakula pamoja. Yule ni mkwe!"

Daktari alimtazama kaka yake bila kusema neno. Shemeji alimsogelea Mapipa, akamnong'oneza sikioni: "Unaona? Ndiyo maana nilikuwa naitaka jela."

*

Mama mkwe alikuwa uani kwake, amefunga kitambaa kichwani, anakoroga sufuria kwa mwiko mrefu. Kwenye ubao kando yake palipangwa vipande vya sabuni, safu kwa safu, vyeupe na vya kunyooka. Alikuwa mama mnene mwenye mgongo ulionyooka, na Koplo alipomwona tu, alivua kofia.

Mapipa hakuvuka kamlango. Alibaki upande wake wa ukuta, na ikaonekana nusu ya jicho.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya yule mwizi?"

"Nimekuja kwa ajili ya sabuni."

Mwiko uliendelea kuzunguka. "Sabuni ina nini?"

"Nimeinawia mikono. Haitoi povu."

"Maji ya kiwandani ni mabaya."

"Naweza kujaribu ya hapa?"

Alijaribu kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni. Matokeo yakawa yale yale. Mama mkwe aliitazama mikono ya Inspekta, kisha akatazama pembeni.

"Mikono yako ndiyo mibaya. Polisi mnashika vitu vya ajabu."

"Huenda, mama." Inspekta aliketi kwenye kigoda, akaachia pumzi ya mtu mwenye huruma. "Mimi nawaambia watu hivyo hivyo. Lakini mtaani wanasema vingine. Wanasema mama amechoka. Amezeeka. Mkono uliokuwa unapika sabuni ya kusifiwa umepotea."

Mwiko ulisimama.

"Nani anasema?"

"Watu tu. Mmoja anasema si ajabu umesahau vipimo."

"Mimi?" Mama mkwe aliutoa mwiko sufuriani, nao ukadondosha matone meupe. Koplo alirudi nyuma hatua. "Mimi nisahau vipimo? Nimepika sabuni kabla ya wewe kujua kujifuta kamasi! Nimewaogesha watoto wa mtaa huu wote, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyepata upele! Mkono wangu haujapotea! Kosa si la mkono, kosa ni la yale matakataka ya mayai ya..."

Alifunga mdomo. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na hayakuwa na mahali pa kurudi.

"Mayai ya nani, mama?" aliuliza Inspekta taratibu.

Inspekta alinyoosha mkono, akavuta kutoka nyuma ya sufuria ndoo ya plastiki. Sehemu yake ya chini ilikuwa imevimba na kupinda, kama iliyokalia makaa.

"Ndoo hii uliibandika jikoni?"

"Ndoo ya plastiki anaibandika nani jikoni?"

"Ndilo swali langu. Imeunguzwa na nini, kama si na kitu kilichochemka chenyewe?"

Mama mkwe alitafuta kiti, akakaa. Ghafla alionekana mdogo.

"Kilinitisha," alisema. "Nimetia punje, nimetia maji, nikashtukia kinatokota kama jehanamu. Nikakimbilia ndani, nikajifungia."

"Kwa nini ulizichukua?"

"Kwa sababu sufuria zangu zilikuwa zimekauka, mwanangu." Alisema hivyo akiwa ametazama ukuta, mahali hasa palipokuwa na nusu ya jicho. "Ile takataka ya kuoshea dizeli ilikuwa yangu. Kila siku walikuwa wananiletea ndoo, mimi naigeuza sabuni. Nikawa na kazi. Nikawa mtu anayetafutwa. Halafu akaja yule binti na punje zake. Siku ya kwanza ndoo haikuja, nikasema wamesahau. Ya pili, ya tatu. Hakuna aliyevuka mlango huu kuniambia, mama, mambo yamebadilika. Nikaja kujua nilipopeleka chai, kama mpita njia. Nikasema basi, kama hizi punje ndizo zilizoipokea kostiki kazi, zitafanya na hii nyingine. Nikazichukua. Nikajaza kopo kwa zile za kwenye karai, kwani si zote nyeupe?"

"Na walipomfungia shemeji wa watu?"

"Nilijua watamwachia. Amefungiwa na wa kwao." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nampikia chai. Nilichelewa kwa sababu kila nilipofika mlangoni nilirudi nayo."

Koplo alikuwa ameshika pingu, lakini kwa namna ya mtu aliyeshika kitu cha kuazima asichojua akirudishe wapi.

*

Wageni walifika saa sita: mganga mkuu wa hospitali na fundi wake wa jenereta, wote wamevaa vizuri, wote wana haraka. Tanuri lilikuwa bado linawaka. Daktari alikuwa amejibana ukutani ili asiwape mgongo, akitabasamu kwa wasiwasi.

"Samahani, mabwana," alisema Inspekta, akitokea mbele yao. "Mahali hapa pana uchunguzi wa polisi. Yeyote anayeingia lazima ahojiwe."

"Mimi ni mganga mkuu!"

"Ndiyo maana nitaanza na wewe. Koplo, mabenchi."

Aliwahoji. Aliwauliza walikokuwa jana na juzi, na nani alikuwa shahidi. Aliuliza hospitali inatumia mayai kiasi gani. Aliuliza kama fundi amewahi kugombana na kuku. Aliwatenganisha, akawahoji kila mmoja peke yake, akawakutanisha, akasema majibu yao hayapatani, akaanza upya. Mganga mkuu alitishia kumpigia simu mkubwa wake. Inspekta alimpa namba, kisha akamwomba ahakikishe anayempigia si mtuhumiwa. Koplo, ambaye hakuwahi kumwona bosi wake akiharakisha hata kidogo, sasa alielewa kwamba hakuwahi kumwona akichelewesha pia. Alileta chai. Ilikuwa ya mama mkwe, na ilikuwa nzuri, nayo ndiyo iliyowazuia wageni wasiondoke.

Jua lilikuwa limeanza kulala juu ya mabati Daktari alipopita akiwa amebeba kopo. Alimwinamia Inspekta begani, akanong'ona: "Zimezaliwa."

"Mabwana," alisema Inspekta, akisimama, "nimeridhika. Hamna hatia. Karibuni ndani."

Mafuta meusi ya kukaangia yaliingia kwenye bomba la kioo pamoja na methanoli, yakazipita punje nyeupe, yakarudi, yakapita tena, pampu ikilalama. Kila mtu alikodoa macho. Waliyaacha yatulie kwenye mtungi, na taratibu, mbele ya macho yao, yaligawanyika: chini utomvu mweusi wa gliserini, juu dizeli angavu ya rangi ya asali. Hapakuwa na sabuni. Fundi aliikinga kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga, akasahau kwamba alikuwa amekasirika. Kisha wakaimimina kwenye jenereta ya kiwanda. Shemeji alivuta kamba kwa mkono wa kushoto. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma, taa zote za banda zikawaka, na uwanja ukajaa harufu ya viazi.

"Tutaichukua," alisema mganga mkuu, akipiga kelele juu ya mngurumo. Kisha, baada ya kutazama huku na huku: "Kuna mahali pa kula hapa karibu?"

Wakati huo huo kamlango ka mbao kalifunguka, mama mkwe akaingia. Alikuwa amejifunga kanga mpya kana kwamba anaelekea msibani au mahakamani. Alikuja moja kwa moja hadi kwa Inspekta, akanyoosha mikono.

"Nipo tayari."

Inspekta alimgeukia Mapipa. "Mlalamikaji ni wewe. Unaendelea na mashtaka?"

Mapipa alitazama kiatu chake. Alitazama pipa linalovuja. Alimtazama mdogo wake, na Daktari ndiye aliyesema, akipaza sauti ili isikike juu ya jenereta.

"Mama, mafuta yaliyooza sana, yale makali, punje zangu haziyawezi. Yanaziua. Huwa tunayamwaga. Kwa sabuni ya kostiki ni mazuri kabisa. Kuanzia kesho ni yako, yote. Na nilipaswa kuja kukuambia siku ile ya kwanza. Kosa hilo ni langu."

Mama mkwe alishusha mikono yake. Kisha akamgeukia mkwewe. Tangu Mapipa amwoe binti yake, mama huyu alikuwa amemwambia kwamba anakula vibaya, anatembea vibaya, na amechagua biashara inayonuka. Sasa alishika ncha ya kanga yake, akasema jambo fupi. Midomo yake ilionekana ikitembea. Jenereta ikalimeza neno lote.

Mapipa aliganda. Halafu, mbele ya mganga mkuu na fundi wake, mbele ya dizeli waliyoihangaikia siku nzima, alipiga hatua hadi kwenye jenereta na kuizima.

Taa zilizimika. Fundi aliguta. Kimya kikaangukia banda, na ndani ya giza lile jepesi la jioni sauti ya Mapipa ilitoka kwa adabu kubwa.

"Samahani, mama. Sikusikia vizuri."

 Inspekta alimshika Koplo mkono asije akasogeza pingu.

"Nimesema nisamehe, baba," alisema mama mkwe. "Na washa mashine yako, una wageni."

Mapipa aliinama kuitafuta kamba. Aliivuta mara kadhaa bila kuipata vizuri, maana macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Shemeji ikabidi amsogelee, waivute pamoja.